Picha za Usiku Wakati wa Baridi



Miezi ya Juni na Julai hapa Mbinga kahawa huvunwa, na usiku baridi ya milima ya Umatengo hutukusanya uani kuuzunguka moto. Hapo ndipo bibi huwasimulia wajukuu. Wengi wetu tunazo picha zake za arusi na za kanisani, lakini ya bibi akiwa pale motoni hatuna, kwa kuwa tunadhani picha ya usiku ni kazi ya mafundi. Sivyo. Simu au kamera ndogo yatosha, tukizingatia mambo matatu.

La kwanza ni mwanga. Usiku kamera hufumbua jicho lake kwa muda mrefu ili ikusanye mwanga mdogo uliopo. Mkono ukitikisika, sura hufifia. Basi tuiegemeze simu juu ya kigoda au kinu kilichopinduliwa, tuipange ijipige yenyewe baada ya sekunde chache, na bibi atulie kidogo. Flashi tuizime. Mwanga wake hufika mita chache tu, nao huufuta wekundu wa moto. Bibi auelekee moto, nasi tumpige kutoka ubavuni.

La pili ni baridi yenyewe. Betri ikipoa hulegea, na simu yaweza kuzimika hata kama ilikuwa na chaji. Tuihifadhi ndani ya sweta, karibu na mwili, mpaka wakati wa kupiga. Tusiipashe motoni, maana joto kali huharibu betri. Kabla ya kuingia nyumbani penye joto, tuitie katika kopo lenye kifuniko kinachobana, tuliache nusu saa, ili umande usitande kwenye kioo.

La tatu, na kubwa zaidi, ni afya. Mtoto mchanga hupoteza joto upesi kuliko sisi. Avikwe kofia na soksi, apigwe picha mara moja, arudishwe ndani. Na jiko la mkaa lisiingizwe kamwe katika chumba cha kulala. Hewa yake ya sumu haionekani wala hainuki, nayo huua watu usingizini.

Wenzetu wa Mbamba Bay na Liuli, huko ziwani ambako ni chini ya mita 500 kutoka usawa wa bahari, baridi ni ndogo ila mbu wapo. Vaeni mikono mirefu. Usiku usio na mwezi, simu ikitulia juu ya jiwe, taa za wavuvi wa dagaa hupendeza sana pichani.

Picha ikipatikana, tuisafishe studio, tuandike nyuma jina na mwaka. Simu hupotea, lakini picha ya sandukuni wajukuu wataikuta. Mwezi huu kila mmoja wetu ajaribu moja tu, maana bibi hatakaa motoni miaka yote.