Maumivu ya Kano Yatibiwe kwa Mazoezi

Kazi ya mkulima wa Bonga, katika mji wa Babati, hutegemea miguu na mikono yake. Mwalimu wa kata hiyo naye husimama darasani kutwa, mkono ukiwa juu ubaoni. Kwa watu wa namna hiyo, maumivu ya kisigino, kiwiko au bega yanayodumu kwa miezi si jambo dogo. Ni msimu wa kilimo uliopotea, na ni vipindi visivyofundishwa.

Aghalabu maumivu hayo hutoka katika kano, yaani kamba ngumu inayounganisha msuli na mfupa. Hapo ndipo hufanyika makosa mawili. La kwanza ni kulala kabisa, kwa kudhani kuwa kano hupona kwa kupumzishwa tu. La pili ni kumeza vidonge vya kutuliza maumivu na kuendelea na kazi ile ile. Vidonge hunyamazisha maumivu lakini haviipi kano nguvu, na vikitumiwa kwa muda mrefu huweza kudhuru tumbo na figo. Hata sindano ya steroidi ina mipaka yake. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2010 katika jarida la Lancet ulionyesha kuwa kwa maumivu ya kiwiko sindano hiyo huleta nafuu ya muda mfupi, na miezi ya baadaye aliyechomwa huweza kuwa katika hali mbaya kuliko asiyechomwa.

Njia iliyo bora ni mazoezi. Mwaka 1998 Håkan Alfredson na wenzake wa Uswidi walieleza habari za wakimbiaji 15 wenye maumivu sugu ya kano ya kisigino. Walisimama kwa vidole ukingoni mwa ngazi na kushusha kisigino polepole, mara mbili kila siku, kwa wiki 12. Wote walirudi mbioni. Tafiti zilizofuata zimeonyesha kuwa si kila mgonjwa hupona kwa wepesi huo. Hata hivyo msingi umebaki kuwa kano huimarika kwa kupewa mzigo unaoongezwa hatua kwa hatua.

Tiba hiyo haihitaji mtambo wala fedha za kigeni. Kinachohitajika ni ngazi, subira na mwelekezaji. Wataalamu wa tiba ya viungo wamekuwa wakifunzwa nchini, katika hospitali ya KCMC mjini Moshi, tangu miaka ya 1970. Lakini Moshi ni mbali na Bonga, na elimu isiyomfikia mkulima haimfai mkulima.

Yapasa basi wataalamu hao wawafundishe waganga na wauguzi wa zahanati mazoezi ya msingi, na kuwaonya kuwa mgonjwa aliyesikia kano ikikatika ghafla apelekwe hospitali mara moja. Walimu nao wayaeleze katika vipindi vya michezo. Wakuu wa kazi wampe mgonjwa kazi nyepesi kwa muda, badala ya kumwita mvivu.

Mgonjwa naye ana wajibu wake. Asiache zoezi baada ya siku tatu kwa kuwa hajaona nafuu. Haba na haba hujaza kibaba, na kano nayo hujengwa hivyo hivyo.