Visiwa vinazama kimya kimya, redio zinasubiri kimbunga



Hapa Geita msimamishe kijana yeyote wa bodaboda, muulize bei ya gramu ya dhahabu. Atakutajia ya leo na ya jana. Sasa muulize Ziwa Victoria lilipanda kiasi gani mwaka 2024. Atakushangaa tu. Si kosa lake jamani, bei ya dhahabu inatangazwa, kina cha ziwa hakitangazwi.

Leo nataka tuongelee nchi za visiwa vidogo. Najua kuna watakaosema, "Dogo, wewe mtu wa Shinyanga bahari inakuhusu nini?" Vuteni subira.

Tarehe 17 Oktoba 2009 Rais wa Maldives wakati huo, Mohamed Nasheed, aliitisha kikao cha mawaziri chini ya bahari. Walibeba mitungi ya hewa, wakasaini tamko la kuitaka dunia ipunguze hewa ya ukaa. Picha zikazunguka dunia nzima. Novemba 2021 Simon Kofe, aliyekuwa waziri wa mambo ya nje wa Tuvalu, akahutubia mkutano wa Glasgow kwa video huku kasimama baharini na suti yake, maji magotini. Picha zikazunguka tena.

Hebu tujiulize, kwa nini waziri mzima aingie baharini na suti ndo asikilizwe? Kwa sababu vyombo vya habari vinapenda tukio. Bahari inapanda milimita chache tu kwa mwaka, na hakuna mhariri atakayeweka milimita ukurasa wa mbele. Lakini Maldives sehemu kubwa ya ardhi yake haifiki hata mita moja juu ya bahari. Kwao milimita ndo habari yenyewe.

Na sisi Bongo tuko vile vile. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokuwa kinakuja, Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitoa tahadhari, redio zikazirusha, boti za Dar na Zanzibar zikasimama. Kimbunga kikaishiwa nguvu Mafia usiku wa tarehe 4. Hapo vyombo vya habari vilifanya kazi, tuvipe haki yao. Ila baada ya pale, mara ya mwisho umesikia habari ya Mafia lini? Pemba kuna mashamba ya mpunga yameingiwa na maji ya chumvi. Unguja akina mama wanaolima mwani wamehangaika miaka na mwani wa kotonii unaokufa maji yakipata joto, wengi wamebaki na spinosamu wenye bei ya chini. Hivyo navyo ni vimbunga, ila havina jina.

Sasa njooni kwenye pesa. Mwaka 1991 Vanuatu, kwa niaba ya visiwa vidogo, ilipendekeza uwepo mfuko wa kufidia watakaoumizwa na bahari kupanda. Dunia ilikubali kuanzisha mfuko wa hasara na uharibifu Novemba 2022, kule Sharm el-Sheikh. Miaka 31! Mgao ukianza nani atasikilizwa? Mimi naona ni yule mwenye kumbukumbu. Kisichoandikwa hakilipwi.

Ndo maana nasema inatuhusu. Mei 2020 Ziwa Victoria lilivunja rekodi ya mwaka 1964, na Mei 2024 likaivunja tena. Kweli, ziwa si bahari, lenyewe linajazwa zaidi na mvua. Lakini mtu wa Izumacheli au Ukerewe naye anaishi kisiwani, na maji yakipanda nyumba yake inalowa vile vile. Nilimpelekea mhariri mmoja habari ya maji kuingia mialoni. Akaniuliza, "Kuna waliokufa?" Nikamjibu hakuna. Akaniambia basi nitafute habari ya machimbo. Nauli nikajilipia.

Na tusiseme haiwezekani. Shinyanga tulikuwa tunaelekea kuwa jangwa. Mwaka 1986 ukaanza mradi wa HASHI, wazee wakarudisha ngitili. Zile ngitili zilipimwa hekta kwa hekta, zikaandikwa, na leo watu wa nje wanazisoma kama darasa. Zisingeandikwa zingebaki hadithi za babu zetu.

Mimi nimeishia kidato cha nne, sina utaalamu wa hali ya hewa. Ila kupima hakuhitaji digrii. Redio za Kanda ya Ziwa ziombe kipimo cha maji kila wiki, zikitangaze dakika mbili baada ya bei ya dhahabu. Za Zanzibar na Mafia zifanye hivyo kwa mashamba yaliyoingiwa na chumvi. Baada ya miaka kumi tutakuwa na daftari la kupeleka mbele ya dunia, bila waziri yeyote kulowesha suti.

Naomba kuwasilisha. Mlioko Ukerewe, Pemba na Mafia, leteni mnachokiona.