Kichina cha Mwaka wa Pili, Kiswahili cha Jikoni

Wiki hii tunaongea na wale waliochukua Kichina chuoni, wakapita mwaka wa kwanza vizuri, na sasa wamekwama. Unajua kujitambulisha, kuagiza chai, kuuliza bei. Halafu unafika Dragon Mart, muuza taa anakujibu kwa kasi yake, na huambulii kitu.

Kwanza, usijilaumu. Kwa miaka mingi mtihani wa HSK ulitaka maneno 150 ngazi ya kwanza, 300 ya pili, 600 ya tatu, 1,200 ya nne na 2,500 ya tano. Yaani kila ukipanda ngazi, mzigo unakuwa kama mara mbili. Hapo ndipo wengi wanaacha. Wanaobaki wanatengeneza kadi za maneno, Kichina upande mmoja, Kiingereza upande wa pili.

Sisi tunasema: jaribu kuweka Kiswahili upande wa pili. Kile kile cha jikoni kwenu.

Chukua familia. Kiingereza kina neno moja tu, uncle, kwa wanaume wote wa rika la baba. Kichina hakikubali. Kaka wa baba ni bóbo, mdogo wa baba ni shūshu, kaka wa mama ni jiùjiu, dada wa baba ni gūgu. Mwanafunzi anayepita kwa Kiingereza anakariri jedwali zima. Wewe soma tena taratibu: baba mkubwa, baba mdogo, mjomba, shangazi. Jedwali unalo tangu ukiwa na miaka mitatu. Na kama kwenu mnasema ami na khalu, ndiyo kabisa.

Kuna mahali ramani inapotofautiana, na hapo uwe makini. Watoto wa mama mkubwa au mama mdogo kwetu ni ndugu zako tu, kaka na dada. Kwa Wachina wanaingia kundi la biǎo, pamoja na watoto wa mjomba na wa shangazi. Watoto wa kaka zake baba peke yao ndio táng, wa ukoo mmoja.

Halafu adabu za kila siku, ambazo ndizo hasa zinakutoa kwenye Kichina cha darasani. Mtu katoka kazini kachoka, unamwambia nini? Kwa Kiingereza utatafuta sana. Kwa Kichina ni xīnkǔ le, na kwa Kiswahili ni pole na kazi. Mama wa rika la mama yako usiyemjua ni āyí, kama sisi tunavyosema mama au shangazi kwa mtu asiye na undugu nasi. Mwalimu unamwita lǎoshī, cheo chenyewe kinatosha, kama tunavyoita "Mwalimu!" bila jina. Hata tā, yule asiyejulikana kwa sikio kama ni mwanamke au mwanamume, ni yeye wetu.

Vipi kuhusu yale maneno ya kuhesabia, yanayowatoa watu jasho? Vitabu vitatu ni sān běn shū, meza moja ni yì zhāng zhuōzi, samaki mmoja ni yì tiáo yú. Si ngeli, lakini zoea ni lile lile: huhesabu kitu kabla hujajua ni cha kundi gani. Na Kichina kina gè, linalokubalika kwa vitu vingi, ambalo mwanafunzi mvivu hulibandika kila mahali. Ni kama kijana wa hapa anayesema "kitabu moja, kiti moja". Anaeleweka, lakini bibi anacheka.

Kiswahili hakitakusaidia kila mahali. Toni hatuna. Ulimi wetu umezoea kukaza silabi ya pili kutoka mwisho, basi. Sasa mǎi ni kununua, mài ni kuuza, na katika mji wa biashara kama huu hilo si jambo dogo. Isitoshe, wauzaji wengi wenye asili ya kusini mwa China hawatamki sh kama mwalimu wako, kwa hiyo shí, kumi, inasikika karibu na sì, nne. Ukisikia bei, omba ionyeshwe kwenye kalkuleta. Hiyo si aibu. Hata Wachina wenyewe huonyeshana namba kwa vidole.

Na wenzio wapo. Taasisi ya Confucius ya Chuo Kikuu cha Nairobi, iliyofunguliwa 2005, ilikuwa ya kwanza Afrika. Dar es Salaam na Dodoma wakafuata 2013. Tafuta huko mtu wa kufanya naye mazoezi, mkitumia Kiswahili kama daraja. Tafuta pia tamthilia ya Doudou na Mama Wakwe Zake, iliyotiwa sauti za Kiswahili na kurushwa na TBC mwaka 2011. Itazame kwa Kiswahili, kisha kwa Kichina chake. Mama mkwe ni mama mkwe popote, na magomvi ya nyumbani ndiyo Kichina cha kila siku.

Tunasema haya kwa sababu kuna maneno tunayasikia sana hapa Dubai: "Kiswahili utakitumia wapi? Soma Kichina upate kazi." Watu wanachagua kana kwamba kichwani kuna nafasi moja tu. Lakini anayeacha kusema baba mdogo leo, kesho atalipa ada kufundishwa maana ya shūshu.

Kazi ya wiki: mpigie bibi au mama, chora naye ukoo wenu, kila mtu na anavyoitwa kwa Kiswahili. Kisha andika Kichina pembeni. Penye pengo, tuandikieni. Haya, tukutane wiki ijayo, na poleni na masomo.