KOROSHO ZIMEUZWA, MTOTO YUKO WAPI?

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote, na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake, Maswahaba zake na wote wanaoufuata mwenendo wao hadi Siku ya Malipo. Ama baad.

Ndugu Waislamu wa Chunyu, nanyi nyote wa Ruangwa na Nachingwea mnaosomewa maneno haya misikitini, Januari imefika na shule zinafunguliwa. Adabu ya mwezi huu ni kukaribishana, nasi tunawakaribisha: wazazi karibuni, walimu wa shule karibuni, maustadhi karibuni, na watoto wetu, ambao shughuli yote hii ni kwa ajili yao, karibuni. Lakini karibu ya mdomo haijapata kumtia mtoto darasani. Kwa hiyo yatakayofuata baada ya karibu hii ni maneno ya lawama, na lawama yenyewe hatuipeleki Dodoma wala Lindi mjini. Inabaki hapa hapa safuni, kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho.

Mkulima wa mikoa mingi huingia Januari mfuko ukiwa mtupu, kwa kuwa mavuno yake yamekwisha zamani na mapya bado. Sisi watu wa Kusini Mwenyezi Mungu ametupangia kinyume chake. Korosho zetu huokotwa na kupelekwa ghalani kuanzia Oktoba. Minada ya RUNALI, chama kikuu cha ushirika kinachowaunganisha wakulima wa Ruangwa, Nachingwea na Liwale, hufanyika katika miezi ile ile ya mwisho wa mwaka, na fedha humfikia mkulima katika majira ambayo mtoto anahitaji daftari. (Naam, malipo huchelewa, na makato ya vyama vya msingi yana maneno yake. Hayo tutayaandika siku nyingine, inshaallah.) Basi mzazi wa Kusini anaposimama mbele ya mwalimu mwezi Januari akasema hali ni ngumu, hana haki ya kukasirika akiulizwa kwa adabu: korosho zimeuzwa, fedha imekwenda wapi?

Sote tunajua ilikokwenda. Iko iliyonunua simu ya pili ilhali ya kwanza bado inalia. Iko iliyofunga ndoa ya msimu, ile ndoa ya Novemba isiyofika masika, ambayo mwenyewe huiita sunna huku akiwaacha watoto wa mke wa kwanza hawana kandambili. Na iko iliyoingia katika unyago, nayo ndiyo nyingi kuliko zote.

Katika jambo hili la unyago naomba nisikilizwe hadi mwisho, maana kila anayeligusa huambiwa kuwa amekwenda Uarabuni akarudi kuwatukana wazee. Khitani ya mvulana ni katika maumbile aliyotufundisha Mtume (S.A.W.), na hakuna anayeipinga. Kumfundisha binti tohara yake, haya yake na heshima ya wakubwa ni wajibu wa mama yake kabla ya kuwa kazi ya kungwi. Ninachouliza ni hiki: ni sheria gani inayotaka khitani ya mtoto wa miaka minane iandamane na ngoma ya siku tatu, pombe nyuma ya nyumba, sare za kitenge za ukoo mzima, na mchele wa kulisha watu ambao wengi wao hawajui hata jina la mtoto anayechezwa? Na ni akili gani inayompeleka binti wa darasa la tano akafundishwa mambo ya mke na mume, kisha tukatarajia kwamba Januari atakaa juu ya dawati na kufikiria sehemu na desimali?

Wazee wanasema: haya tumeyakuta. Kweli mmeyakuta, lakini mliyoyakuta siyo haya. Wazee wenyewe wanatusimulia kwamba zamani mwali alikuwa mtu mzima, anayetoka ndani karibu na kuolewa. Leo tunamcheza mtoto kwa sababu jirani amemcheza wa kwake, na kwa sababu waliokula kwetu lazima warudishe fedha. Imekuwa biashara ya kutunzana, na mtoto ndiye mtaji. Likizo ya Desemba ikianza, ngoma nayo inaanza. Shule ikifunguliwa ngoma haijesha, na mwalimu mkuu anaandika majina ya watoro ambao si watoro kwa hiari yao. Mtoto hakutoroka. Baba yake, mama yake na manyakanga ndio waliomzuia, na imamu alikula pilau yake.

Yako pia matokeo tunayoyafunika. Binti aliyefundishwa kuwa amekuwa mwanamke huamini alichofundishwa, na yuko mtu mzima anayemsubiri njiani. Sheria ya nchi, tangu marekebisho ya mwaka 2016, inamhukumu kifungo cha miaka 30 anayempa mwanafunzi mimba. Nasi tunafanya nini? Tunakaa barazani, tunaleta mbuzi na bahasha, tunaita sulhu, na mwenye kosa anaswali Ijumaa akiwa safu ya kwanza, huku binti haonekani tena hata kwenye darsa la akina mama kwa kuogopa macho. Tangu Novemba 2021 Serikali imemfungulia mlango binti aliyejifungua arudi shuleni. Mlango wa Serikali umefunguka ilhali mlango wa ndimi zetu umefungwa. Enyi mnaojinasibu na Sunna, imo katika Sahihi ya Muslim habari ya mwanamke wa Ghamid aliyekiri kosa lake na kutubia, na jinsi Mtume (S.A.W.) alivyomkataza Khalid bin al-Walid kumtukana. Huyo alikuwa mtu mzima aliyekiri kwa ulimi wake. Huyu wa kwetu ni mtoto aliyedanganywa. Katika orodha ya tunaowakaribisha mwezi huu yeye awe wa kwanza, na mzazi aliyemficha ndani amtoe, amvalishe sare na ampeleke mwenyewe kwa mkono wake.

Tuje kwa wale wenye hoja. Kuna anayesema kwamba elimu ni bure, basi mimi sihusiki. Ni kweli kwamba ada ya shule za msingi iliondolewa mwaka 2001, na kwamba kwa Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015 ada iliondolewa hadi kidato cha nne kuanzia Januari 2016, kisha katika mwaka wa fedha 2022/23 nafuu hiyo ikafika kidato cha sita. Tunamshukuru Allah kwa hilo. Lakini Serikali yenyewe ilifafanua kwamba sare, daftari, kalamu na chakula vimebaki juu ya mzazi. Aliyeondolewa mzigo mmoja kati ya mitano, kisha akaitupa minne iliyobaki, ameitumia neema vibaya.

Mwingine husema kwa sauti ya chini, baada ya swala, kwamba shule ni mambo ya makafiri. Huyu nitamjibu kwa urefu kidogo, kwa sababu neno lake lina asili. Misheni ya UMCA ilifika Masasi mwaka 1876, na mapadri wa Kibenediktini wakajenga Ndanda mwaka 1906. Kwa miaka mingi shule katika nchi hizi ilikuwa ubavuni mwa kanisa, na mtoto aliyeingia akiitwa Hamisi aliweza kutoka akiitwa jina jingine. Babu aliyemzuia mjukuu wake asiende alikuwa na udhuru, na Allah atamhukumu kwa nia yake. Lakini sheria ya elimu ya mwaka 1969 iliziweka shule zile mikononi mwa Serikali, na zaidi ya nusu karne imepita tangu wakati huo. Udhuru wa babu umekwisha, umebaki uvivu wa mjukuu unaovaa kanzu ya babu.

Kisha huyo anayesema hivyo asome Sira. Mateka wa Badr walikuwa washirikina waliotoka Makka kuja kuwaua Waislamu. Wale miongoni mwao waliokuwa hawana mali ya kujikomboa, Mtume (S.A.W.) alijaalia fidia yao iwe kuwafundisha watoto wa Ansari kuandika. Ikiwa mtoto wa Madina aliweza kujifunza herufi kwa mshirika aliyekuwa na deni la damu, mtoto wa Chunyu anashindwaje kujifunza hesabu kwa mwalimu wa watu aliyetoka Mbeya, akapangiwa kijijini kwetu, akavumilia vumbi letu na kuwapenda watoto wetu? Huyo mwalimu naye ni mgeni wetu. Tangu afike, nani katika kamati ya msikiti amemwendea kumjulia hali?

Na anayesema kwamba kusoma hakuna faida kijijini, atazame tu aliko. Kassim Majaliwa, Waziri Mkuu wa nchi hii kuanzia 2015 hadi 2025, ni mtu wa Ruangwa, na kazi yake ya mwanzo ilikuwa ualimu. Madini ya kinywe yanachimbwa Ruangwa hii hii. Wanaotoka mbali wanakuja kuyapima, kuyaandika na kuyasafirisha, na vijana wetu wanasimama getini kuomba ulinzi wa usiku.

Sasa nifike mahali ambapo wengi mngependa nisifike, nako ni kipindi cha dini. Ratiba ya shule za Serikali ina nafasi ya dini, na kila dini hupeleka mwalimu wake. Siku hiyo ikifika, katekista huja na baiskeli yake, mvua iwe, jua liwe. Watoto wetu, ambao katika shule nyingi za huku ndio wengi, huketi chini ya mwembe, wanapiga kelele, na mwisho hutumwa kufagia uwanja. Hakuna aliyewanyima haki yao. Mwalimu wao hakufika, kwa sababu hakuna msikiti uliomtuma. Mwaka 2012 tulipaza sauti nchi nzima kuhusu matokeo ya somo la dini yetu katika mtihani wa kidato cha sita, na tulikuwa na haki, matokeo yakasahihishwa. Mbona hatupazi sauti kuhusu mtoto wa darasa la tatu asiyejua nguzo za swala, ambaye kipindi chake cha dini tumekipoteza wenyewe?

Msikiti haumtumi mwalimu kwa sababu hauna wa kumtuma, na hauna wa kumtuma kwa sababu haumlipi. Mimi ni mwalimu wa madrasa, kwa hiyo mtu anaweza kusema najipigia debe. Na aseme, lakini hesabu ataikuta pale pale. Ustadhi wa huku analipwa kwa dua, kwa sahani ya maulidi ambayo wengine wetu hata hatuili, na kwa shilingi za Alhamisi ambazo mtoto ama huzisahau ama huzinunulia barafu njiani. Mvua zikianza, ustadhi hushika jembe kama kila mtu, madrasa ikafungwa, na wazazi wakasema ustadhi hana ikhlasi. Kijana mwenye elimu yake huvumilia mwaka mmoja, wa pili anaonekana stendi ya Nachingwea akiuza vifaa vya simu.

Imepokewa kwamba Madina ilikuwa na walimu watatu wa watoto, na Umar bin al-Khattab (R.A.) alikuwa akimpa kila mmoja wao kumi na tano kwa mwezi. Sanadi ya athari hii imekatika, nami sitaificha ila hiyo. Lakini imo katika Sahihi ya Bukhari Hadithi ya Ibn Abbas (R.A.) inayotaja kuwa Kitabu cha Allah ndicho kinachostahiki zaidi kuchukuliwa ujira, na jamhuri ya wanazuoni wakajuzisha ujira wa kufundisha kwa dalili hiyo. Wala hatuzungumzii zaka, ambayo juu ya mazao kama korosho wanazuoni wamekhitalifiana: Abu Hanifa anaiwajibisha, Shafi'i haiwajibishi. Tunazungumzia haki ya mtu aliyefanya kazi.

Rai yangu, ambayo nimeiwasilisha kwa kamati yetu na naiweka mbele ya kamati nyingine, ni kwamba kila nyumba yenye mtoto madrasa itenge katika msimu wa korosho thamani ya kilo tano kwa kila mtoto, ilipwe mara moja fedha ya mnada inapoingia, iandikwe katika daftari lenye sahihi mbili, na itumike kwa mambo mawili tu: posho ya ustadhi mwaka mzima, na nauli yake ya kwenda shuleni siku ya kipindi cha dini. Asiye na mkorosho alipe ufuta ukiuzwa Juni. Yatima na masikini wasidaiwe kitu. Kilo tano! Anayeona ni nyingi akumbuke ni kilo ngapi zilizoliwa katika ngoma ya siku moja.

Ijumaa ya kwanza baada ya shule kufunguliwa, daftari litakuwa mlangoni upande wa kushoto, karibu na mahali pa kutawadhia. Kila mzazi ataje jina la mtoto wake, darasa lake, na kama ameripoti shuleni au bado yuko shambani akifukuza nyani. Atakayeandika kuwa bado, tutamfuata nyumbani Jumamosi asubuhi, tutanywa chai yake, na tutaondoka na mtoto kwenda kumwandikisha.

Wabillahi tawfiq.