Binti Yako na Mpira wa Miguu



Mzazi mmoja wa upande wa Newala atuuliza kama yafaa binti yake wa darasa la sita aruhusiwe kucheza mpira wa miguu. Asema kaka zake wamcheka, na bibi yake aona haya kwa sababu ya kaptula. Swali hili si la nyumba moja tu, basi tulijibu mbele ya wote.

Kwanza ujue mpira wa wanawake umefika wapi, maana wengi husikia habari za wanaume tu. Mwaka 2021 Shirikisho la Mpira la Afrika lilianzisha kombe la klabu bingwa za wanawake. Kila kanda hucheza kwanza mashindano yake ya kuchujana. Kanda yetu ya Afrika Mashariki na Kati, yaani CECAFA, ina nafasi moja. Mabingwa wa Tanzania, Kenya, Uganda, Ethiopia na nchi jirani hukutana mji mmoja. Timu moja huendelea mbele, nyingine zote hufunga mizigo. Mwaka ule wa kwanza walishinda Vihiga Queens wa Kenya. Mwaka 2022, pale Dar es Salaam, Simba Queens waliwafunga She Corporates wa Uganda bao 1 kwa 0, wakaenda Moroko, wakawa wa nne katika Afrika nzima. Mwaka 2023 JKT Queens waliwashinda CBE wa Ethiopia kwa mikwaju ya penalti, na mwaka 2025 wakashinda tena, mjini Nairobi. Katika mashindano matano, mara tatu nafasi imekuja Tanzania. Hili si jambo la kuchekwa.

Sasa kaptula. Hatumdharau bibi, haya ni kitu chema. Lakini wazee wa Masasi wakumbuka habari za Askofu Vincent Lucas, aliyekuwa Askofu huko tangu 1926 hadi 1944. Alipoikuta jando hakusema yote ni mabaya. Alichagua, akaacha yasiyofaa, akayaweka mengine chini ya Kanisa. Nasi tuchague vivyo hivyo. Kaptula ya kufika magotini hushonwa na fundi yeyote wa sokoni, na neno hilo limekwisha.

Kwa maoni yetu, linalomzuia binti wa Newala si kaptula hata kidogo. Ni ndoo. Ukisimama pale Shimo la Mungu waliona bonde la Ruvuma lote chini yako, nawe u juu penye mchanga unaomeza mvua mara inyeshapo. Zamani akina mama walishuka genge kutafuta maji, wakapanda nayo kichwani. Mashine zilikuja kuyapandisha maji kutoka bonde la Kitangari, lakini bomba likikauka, nani huchukua ndoo? Mvulana atoka shule, atupa madaftari, aenda uwanjani. Dada yake aenda kupanga foleni, kisha apika. Ukifika msimu wa korosho, huokota pia. Arudipo kiwanjani, kama arudi, jua limekuchwa. Wenzetu wa Masasi, walio chini ya uwanda, wasijisifu: jikoni kwao ni vivyo hivyo.

Basi, ndugu yetu, jibu letu ni hili. Mruhusu, na umpe saa. Chagua siku mbili za juma, na siku hizo kaka zake wachukue ndoo. Watanung'unika juma la kwanza.

Lakini kabla ya kumwachia asafiri kwa michezo ya shule ya UMITASHUMTA, nenda mwenyewe kwa mwalimu mkuu. Uliza ni mwalimu gani mwanamke atakayefuatana nao, watalala wapi, na nani atashika ufunguo wa mlango usiku. Usione aibu kuuliza, wala usiridhike na jibu la haraka haraka. Mwalimu mwema atafurahi. Akikasirika, mtoto abaki nyumbani mwaka huu, nawe upeleke swali hilo hilo kwenye kamati ya shule.

Michezo ikiisha, tuandikie timu yao imefanyaje.