Kikulacho ki jinoni

Huu ni mwaka wa 22 nashona nguo hapa Tanga, na miaka yote hiyo uzi nimeukata kwa meno ya mbele, mkasi ukiwa mezani. Siku moja mteja aliyekuja kujaribu gauni aliniambia, "Dada, una lipstiki kwenye jino." Mimi sipaki lipstiki. Nikaenda kwenye kioo, nikasugua, doa halikutoka. Lilikuwa la waridi, dogo kama punje ya mtama, pale jino linapokutana na ufizi. Haliumi, haliwashi.

Kliniki ya kwanza walinipiga picha moja ya eksirei. Kijana aliyenihudumia akaona tundu, akasema, "Mama, limeoza, tuling'oe tu." Nilikataa, si kwa ujuzi wowote. Nilikuwa na nguo za harusi tatu wiki ile na sikutaka kupokea wateja na pengo mdomoni.

Daktari wa pili, mama wa makamo, alianza kwa kuuliza kama niliwahi kuanguka. Nikaikumbuka bodaboda iliyonimwaga miaka minane nyuma: mdomo ulipasuka, jino likalegea, likakaza lenyewe, nikasahau. Akaligusa kwa pamba yenye baridi kali. Nikaruka kitini. "Jino lako li hai," akasema, "ila linaliwa."

Linaliwa na nani? Na mwili wenyewe. Jino la utoto likidondoka huwa halina mzizi, kwa sababu mwili una seli za kuula mzizi huo ili jino jipya lipite. Mzizi wa jino la ukubwani unalindwa na tabaka nyembamba, nje na ndani. Tabaka hizo zikijeruhiwa, kwa ajali kwa mfano, seli za namna ileile zinaweza kuanza kula pasipotakiwa, tena bila maumivu. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Kumbe na jinoni kimo.

Kilichobaki ni kujua kinakula kikitokea ndani au nje, maana tiba si moja. Kinachokula kutoka ndani hutegemea damu ya kiini cha jino: kiini kikiondolewa na mzizi ukazibwa, ulaji hukoma. Kikitokea nje, na kama hakijafika kwenye kiini, kiini huachwa kizima. Ufizi hufunguliwa, nyama iliyojipenyeza hukwanguliwa, shimo likazibwa.

Picha moja haiwezi kutenganisha hayo mawili. Daktari alipiga ya pili, safari hii mashine ameisogeza upande. Tundu lisipobanduka kwenye njia ya kiini, ni la ndani; likihama, ni la nje. Langu lilihama. Fundi cherehani haoni ajabu hapo: doa la kwenye bitana na la kwenye kitambaa cha juu hufanana mpaka usogeze kitambaa.

Ndiyo maana naandika. Najua mashine zinazopiga jino pande zote haziko kila mahali, na bei yake si ya mtu wa kipato changu. Lakini picha ya pili hutumia mashine ileile ya kwanza. Inaongeza gharama, ndiyo, ila kaulize bei ya jino la bandia. Nasema hivi: jino linaloshtuka kwa baridi lisiguswe na koleo kabla ya picha mbili. Yapo yaliyoliwa mno yasiyookoka, na hayo yang'olewe. Lakini yang'olewe baada ya kujulikana yana nini.

Na sisi wagonjwa tuna letu. Kwa daktari wa meno tunakwenda usiku umeshatushinda kulala, tukidai kung'olewa, halafu tunamlaumu kwa kung'oa. Ukigongwa jino, hata likikaza lenyewe, nenda likapigwe picha. Mimi nilingoja miaka minane, mpaka mteja akaona doa.

Jino langu lipo, lina kiraka cheupe karibu na ufizi, na nimeambiwa nirudi kila mwaka likaguliwe. Daktari alinihakikishia kwamba uzi haukuhusika. Hata hivyo, mkasi sasa nauning'iniza shingoni.