Dawa ya Deni ni Kulipa, Lakini kwa Hesabu

Ni barua chache zinazomfadhaisha mtumishi wa umma kama ile inayomwarifu kuwa kwa miezi kadhaa amelipwa mshahara uliozidi stahili yake, na kwamba anatakiwa kuzirejesha fedha hizo mara moja. Mara nyingi barua yenyewe huwa fupi. Hutaja jumla ya fedha, hutaja tarehe ya mwisho, na humalizia kwa onyo. Haisemi kosa lilianza lini, wala jumla hiyo imepatikanaje. Mwalimu anayeipokea amekwisha kulipa ada ya mtoto na kuezeka nyumba ya wazazi. Fedha inayodaiwa haipo tena.

Katika jambo hili hapana budi kuanza na wajibu wa mtumishi, maana wapo wanaopenda kuusahau. Fedha iliyozidi si mali yake. Imetoka katika mfuko uleule unaonunua dawa za zahanati na madawati ya shule, na mfuko huo hujazwa na mkulima wa pamba na mama anayeuza vitumbua. Kosa la karani wa mishahara haliwezi kuwa hati ya kumiliki mali ya umma. Mtumishi anayeona mshahara wake umepanda ghafla bila barua ya kupandishwa daraja, kisha akanyamaza, hawezi baadaye kusema kuwa hakujua. Hati ya mshahara hutolewa ili isomwe. Dawa ya deni ni kulipa, na mtumishi mwadilifu hangoji kusukumwa.

Aidha, jambo hili lisichanganywe na wizi. Mwaka 2016 Serikali ilitangaza kuwa imeondoa katika orodha ya mishahara majina zaidi ya 10,000 ya watumishi hewa. Nyuma ya majina hayo palikuwa na hila, na dawa ya hila ni mkono wa sheria. Lakini mwalimu anayeripoti shuleni kila asubuhi, akafundisha vipindi vyake vyote, na akalipwa zaidi kwa sababu ofisi ilikosea tarakimu, si mtumishi hewa wala si mwizi. Kumwandikia barua kwa lugha ya kumtisha mhalifu ni kumvunjia heshima bure.

Baada ya kusema hayo, inafaa waajiri nao waelezwe wajibu wao. Deni ni hesabu, si amri. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara, inaweka katika kifungu cha 28 masharti ya makato ya mshahara. Mwajiri haruhusiwi kukata mshahara anavyopenda. Lazima makato yaruhusiwe na sheria, mkataba wa hiari, amri ya mahakama au tuzo ya msuluhishi, ama mfanyakazi mwenyewe akubali deni kwa maandishi. Sheria hiyohiyo haikumsahau mwajiri, kwani inatambua kuwa fedha iliyozidi kutokana na kosa la kukokotoa mshahara inaweza kudaiwa.

Lakini lipo fundisho jingine katika kifungu hicho. Pale mfanyakazi anapomsababishia mwajiri hasara kwa kosa lake mwenyewe, mwajiri hana budi kumpa kwa maandishi sababu, kiasi na hesabu ya deni, ampe nafasi ya kutosha ya kulipinga, na makato yasizidi robo ya mshahara. Ikiwa sheria inamtendea hivyo aliyekosa, itakuwaje yule ambaye hakukosa chochote atendewe kwa ukali zaidi? Busara inataka mtumishi aliyezidishiwa mshahara kwa kosa la ofisi asipewe chini ya haki anayopewa aliyevunja chombo cha kazi kwa uzembe wake.

Hesabu hiyo nayo ina mitego. Na ichukuliwe kuwa mwalimu amewekwa kimakosa katika daraja lisilo lake, na mshahara wake ukaongezeka kwa shilingi 120,000 kwa mwezi kwa muda wa miezi 14. Katika daftari la mwajiri deni ni shilingi 1,680,000. Lakini katika kila shilingi 120,000 kumekatwa asilimia 5 ya pensheni, yaani shilingi 6,000. Asilimia 3 ya bima ya afya, shilingi 3,600. Asilimia 2 ya chama cha wafanyakazi, shilingi 2,400. Na kama mshahara wake umo katika ngazi ya kodi ya asilimia 20, shilingi 22,800 zimekwenda kwenye kodi ya mapato. Kilichomfikia mkononi ni shilingi 85,200 kwa mwezi, au shilingi 1,192,800 kwa miezi yote 14. Tofauti ni shilingi 487,200, ambazo mwalimu huyo hakuzigusa kamwe. Si kwamba fedha hiyo ifutwe. Na idaiwe kule ilikokwenda. Barua inayomtaka mwalimu azilipe zote kutoka mfukoni inamdai fedha aliyoiona kwa macho tu.

Hata mataifa tajiri yamejikwaa hapo. Mwaka 2016 Serikali ya Kanada ilianza kutumia mfumo mpya wa kompyuta wa mishahara, ulioitwa Phoenix, kwa watumishi wake karibu 300,000. Kazi iliyokuwa ikifanywa na wataalamu wa mishahara katika wizara mbalimbali ilihamishiwa katika kituo kimoja mjini Miramichi, na wengi wa wataalamu hao wakapunguzwa. Matokeo yake maelfu ya watumishi walilipwa pungufu, wengine hawakulipwa kabisa, na wengine walizidishiwa. Waliozidishiwa katika mwaka wa kodi uliokwisha kupita walitakiwa kurejesha jumla yote pamoja na kodi ambayo hawakuipata. Malalamiko yakawa makubwa, hata Serikali hiyo ikatangaza mwaka 2019 kuibadili sheria ya kodi ili mtumishi aliyezidishiwa kwa kosa la mwajiri aweze kurejesha kile tu kilichomfikia. Ni dhahiri kwamba mashine haikosei peke yake, na kosa lake haliondolewi kwa kumbebesha mzigo wote aliye chini.

Lipo jambo la nyumbani linalostahili kusemwa waziwazi zaidi. Kwa miaka mingi walimu wamekuwa wakidai malimbikizo ya mishahara, fedha za uhamisho na za likizo. Wanapodai, huambiwa wasubiri uhakiki. Uhakiki ni jambo jema, maana mali bila daftari hupotea bila habari. Lakini ofisi hiyohiyo inapokuwa ndiyo inayodai, uhakiki husahaulika na malipo hutakiwa mara moja. Mizani yenye mawe mawili, jawe la kununulia na jawe la kuuzia, haiwezi kujenga imani kati ya mtumishi na mwajiri wake. Kama deni la mwalimu kwa Serikali linastahili kulipwa, na la Serikali kwa mwalimu linastahili vilevile. Na kama la mwalimu linahitaji kuhakikiwa, na la Serikali lihakikiwe kwa karatasi zilezile.

Kwa hiyo mtumishi anayepokea barua ya namna hiyo asikimbilie kukataa, wala asitie sahihi kwa hofu. Na aombe kwa maandishi mchanganuo wa mwezi hadi mwezi. Aulinganishe na hati zake za mshahara, barua za kupandishwa daraja na taarifa za benki. Akiona deni ni la kweli, akiri na apendekeze kiasi anachoweza kukatwa, huku akikumbusha kanuni ya utumishi wa umma kwamba makato yote kwa pamoja yasimwache na chini ya theluthi moja ya mshahara wake. Mwenye mkopo wa elimu ya juu anayekatwa asilimia 15 aoneshe hilo pia. Akiona deni si la kweli, aeleze sababu zake kwa mwajiri, na akikataliwa alipeleke lalamiko mbele kwa kufuata ngazi zilizowekwa katika utumishi wa umma. Chama chake cha wafanyakazi, kinachopokea ada yake kila mwezi, kisingoje kuitwa mara mbili.

Nao maofisa utumishi na wakurugenzi wa halmashauri wakumbuke kuwa mwajiri aliyechukua miezi 14 kuligundua kosa lake hana sababu ya kutaka lirekebishwe kwa siku 14. Mwalimu wa mfano uliotolewa, akikatwa shilingi 42,600 kwa mwezi, atalimaliza deni lake halisi kwa miezi 28, na nyumba yake haitalala njaa. Fedha ya umma itakuwa imerudi yote aliyoipokea. Pamoja na barua kwa mtumishi, kila mwajiri aandike na ripoti ya ndani inayoeleza nani alikosea na nini kimefanywa ili kosa lisirudiwe. Bila ripoti hiyo, mwalimu mwingine atapokea barua kama hiyo mwakani.

Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 uliwakataza viongozi majivuno na uonevu kwa wale wanaowaongoza. Makatazo hayo hayakuhusu majukwaani tu. Yanahusu pia barua inayoandikwa ofisini na kupigwa mhuri. Mwalimu atalipa deni alilooneshwa kwa haki, tena bila kinyongo, na kesho yake ataingia darasani kuwafundisha watoto somo la hesabu. Anachostahili ni kuoneshwa hesabu yake mwenyewe.